Kizibo Kwenye Mkoba Wangu

Kilikuwa kizibo cha plastiki, chekundu, kipana kidogo kuliko cha soda. Kilikuwa kwenye tuta la nne, kati ya mashina mawili ya nyanya, nusu yake imefunikwa na matandazo. Katibu alikuwa ameinama tuta la pili akichungulia mtego. Mzee wa Mfereji alikuwa amesogea pembeni anaongea na simu kwa sauti ile ya wazee, kana kwamba wa upande wa pili yuko Mbeya na simu haijavumbuliwa. Nikachuchumaa, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa ndala.

Nikakiokota, nikakifuta udongo kwa kidole gumba, nikakisogeza puani. Harufu ile huwezi kuikosea ukishawahi kupita mbele ya duka la pembejeo. Nikakitia mkobani, kati ya funguo na chenji za bajaji.

Tulipofika mwisho wa shamba tukajaza karatasi ya ukaguzi. Mstari wa saba unauliza kama kuna viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, au vifungashio vyake shambani. Katibu akausoma, akatutazama. Mzee akatikisa kichwa. Nami nikatikisa kichwa. Akaandika "hakuna", tukatia sahihi wote watatu.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Januari. Kizibo kilikaa mkobani wiki tatu.

## Dada wa mboga

Siku za kazi mimi ni mtu wa mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Arusha. Jumamosi ni mtu wa mboga. Saa mbili asubuhi bodaboda anashuka kutoka shamba akiwa na matenga mawili, namwaga kila kitu kwenye turubai barazani kwangu Kijenge, nagawa kapu ishirini na mbili. Mnavu, loshuu, figiri, ngogwe, nyanya, karoti zilizopinda, na parachichi msimu ukiruhusu. Kufika saa sita bajaji inakuwa imezunguka Njiro, Sekei na Sakina, nami nimelala sakafuni nimenyoosha mgongo.

Faida yangu ni mboga za nyumbani na nauli. Na sifa. Nisifiche hilo. Kuna watu wamenihifadhi kwenye simu zao kama "Dada Bila Sumu". Nimewahi kutambulishwa hivyo harusini, mbele ya wakwe, na nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupata cheti cha uhasibu.

Kwa hiyo nilipochuchumaa pale, nilikuwa nalinda vitu viwili. Wakati ule nilijiambia ni kimoja tu: heshima ya bibi mmoja.

## Watu kumi na mmoja

Wamenikataza kuwataja majina, na kijiji nitakiita kijiji cha juu ya Tengeru, inatosha.

Shamba ni ekari moja na nusu. Ni la mzee mmoja ambaye watoto wake wote wako Dar na hakuna anayetaka jembe. Madalali wanamjia kila mwezi na futi zao mfukoni, kwa sababu kote kule chini kahawa imeshang'olewa na kuta za tofali zimeota mahali pake. Yeye amewapa kikundi shamba kwa kodi ndogo ya mwaka pamoja na mkungu wa ndizi kila Krismasi. "Likilimwa bado ni shamba," huwa anasema. "Likipimwa ni viwanja, na viwanja havirudi."

Kikundi kina watu kumi na mmoja, wanawake saba na wanaume wanne. Kila mtu ana matuta yake. Mboji, kitalu na maji ni vya wote.

Kazi ya mboji ni ya mke na mume fulani ambao sijawahi kuwasikia wakikubaliana. Wanapanga rundo kwa tabaka: mabua makavu, majani mabichi, samadi, majivu, udongo wa rundo la zamani, halafu wanachomeka kijiti kirefu katikati mpaka chini. Baada ya siku kadhaa kijiti kinachomolewa, kinashikwa kwa kiganja. Kikiwa cha moto, rundo liko hai. Kikiwa cha baridi, limelala, inabidi kumwagia maji au kugeuza. Mke anashika anasema moto. Mume anashika kijiti hicho hicho anasema vuguvugu. Nimewaona wakimpigia simu binti yao aliyeolewa Babati kumweleza hali ya kijiti, ili aamue.

Mzee wa Mfereji ndiye mwenye zamu za maji kichwani. Hana daftari. Lakini kazi yake kubwa ni jirani wa upande wa juu, ambaye hupiga dawa na upepo unashuka kwetu. Kikundi kilipanda mstari mnene wa majani ya tembo mpakani. Mzee akaona majani hayatoshi, akabeba chane mbili za ndizi, akaenda kukaa kwa jirani kutwa nzima akizungumza habari za ng'ombe. Alipoaga ndipo akasema, "Siku ukitaka kupiga, nipigie kwanza simu." Tangu hapo jirani hupiga simu. Ndiyo maana simu ya Mzee haizimwi hata ukaguzi ukiendelea.

Katibu ni kijana mwenye stashahada ya kilimo aliyezunguka na bahasha miaka mitatu kutafuta kazi. Hupenda kutukumbusha kwamba World Vegetable Center ina kituo chake cha kanda hapa Arusha tangu 1992, kinakusanya na kuboresha mbegu za mnavu, ngogwe na mchicha, mboga zile zile ambazo sisi mabinti wa mjini tulizionea aibu mbele ya wageni. Daftari lake lina kila kitu: tarehe ya kusia, tarehe ya kupandikiza, mvua, wadudu, nani alikuja palizi na nani alituma mtoto.

Na Koko.

Koko ni Mwarusha wa Ilkiding'a aliyeolewa kwa Wameru, na kijiji kizima kinamwita Koko, yaani bibi, hata wazee wenzake. Hajui mwaka aliozaliwa. Anajua ulikuwa mwaka wa njaa, ila hajui njaa ipi. Analea wajukuu wawili. Ndiye aliyenifundisha kuchuma mnavu kwa kubana ncha tu kwa kucha, ili shina litoe matawi badala ya kukata tamaa. Nyanya zake ndizo nilizokuwa naweka juu kabisa ya kapu, ili mteja akifungua azione kwanza.

Tuta la nne ni la Koko.

## Kanitangaze

Waliolima nyanya kati ya Meru na Monduli hawahitaji maelezo hapa, waruke aya mbili.

Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014, kupitia huku huku kwetu, akitokea mbali, kwa asili Amerika ya Kusini. Ni nondo mdogo wa kijivu usiyeweza hata kumchukia vizuri. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260. Kiwavi wake anaingia ndani ya jani, anakula kati ya ngozi ya juu na ya chini, unabaki kuona njia nyeupe kama ramani ya mito. Halafu anahamia kwenye tunda. Nyanya inabaki nyekundu, ina kitundu kimoja karibu na kikonyo, na ndani imeoza. Watu wakasema jina lake ndilo hilo: nenda kanitangaze.

Ukiwa ndani ya jani, mvua ya dawa inapita juu ya paa lako. Ndiyo maana hata wanaopiga dawa kila wiki wanalia, na mdudu mwenyewe ameshazoea dawa nyingi. Sasa fikiria sisi. Tunatwanga mwarobaini, tunauloweka usiku kucha, tunachuja, tunatia sabuni kidogo ili ushike, tunapiga jioni kwa sababu jua linauharibu. Mwarobaini hauui papo hapo. Unamkosesha mdudu hamu ya kula na kumharibia kujivua gamba. Kisha kuna mitego: beseni la maji ya sabuni na kipande chenye harufu ya jike juu yake, madume yanakuja kuchumbia yanazama. Tunachuma majani yenye njia nyeupe, tunayafunga kwenye mfuko wa plastiki, tunauacha juani. Hatupandi nyanya mahali ilipotoka nyanya, wala ngogwe, wala viazi mviringo, kwa sababu ni ndugu.

Vyote hivi vinasaidia. Lakini kote kuzunguka shamba letu maji ya mfereji yanafanya nyanya zilimwe mwaka mzima, kwa hiyo nondo hana msimu wa njaa. Sisi ni chumba kimoja kilichofagiliwa kwenye nyumba inayovuja.

Januari ilikuwa kavu na ya moto. Kwenye daftari la Katibu, tarehe 9, mstari mmoja: "T4, njia nyeupe, mashina mengi." Mimi nilisoma mstari ule nikauliza kama kapu la Jumamosi litakuwa na nyanya za kutosha.

## Wiki tatu

Siku ya kwanza nilijiambia kizibo kimepeperushwa na upepo.

Kizibo!

Siku ya pili nikasema kimeletwa na maji ya mfereji. Hii ina akili kidogo, maana mfereji wetu huleta kila kitu, umeshawahi kutuletea kiatu cha mtoto na nusu ya Biblia. Lakini tuta la nne halipati maji ya mfereji moja kwa moja. Koko humwagilia kwa ndoo.

Jumamosi ya kwanza nikafunga kapu kama kawaida, nyanya juu. Kule Njiro kuna mteja wangu mmoja aliyekuwa anamwanzishia mtoto chakula, miezi sita kamili. Alinisubiri getini na mtoto mgongoni. Akaniuliza, si kwa shaka, kwa furaha tu ya kuzungumza: "Hizi nyanya naweza kumpondea eeh, dada? Hazina kitu?"

Nikasema, "Kabisa. Hazina kitu."

Mkono wangu ulikuwa mkobani unatafuta chenji. Kidole kilikuwa kimegusa kizibo.

Usiku ule nilianza ugonjwa wa maneno. Kwenye maduka ya pembejeo kitu kile kinaitwa dawa. Mkulima anakwenda "kupiga dawa". Getini Njiro kinaitwa sumu. Ofisini kinaitwa viuatilifu, na mji wetu ndio wenye makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, kwa hiyo hata hilo neno la tatu tunalo mlangoni. Chupa ni moja. Jina linategemea umesimama upande gani wa nyanya. Nimeuza mboga miaka minne kwa kutumia neno moja tu kati ya hayo matatu, na sijawahi kujiuliza kwa nini watu ninaonunua kwao hawalitumii.

Nikafikiria kumwambia Katibu. Alikuwa kwenye maandalizi ya karatasi za uhakiki shirikishi, ili siku moja tuweke alama ya Kilimohai kwenye kapu. Kwa mfumo huo haji mkaguzi kwa ndege na hoteli, wakulima wenyewe wanakaguana, kwa kufuata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Ndiyo maana kikundi kidogo kama chetu kinaweza kuumudu. Nilijua nikimwambia, karatasi zinasimama. Nikasema nitamwambia zikishapita.

Msomaji, ona jinsi uongo unavyojua kupanga ratiba.

Nikafikiria pia kumlaani Koko, kimoyomoyo, ili nipumzike. Kuna maneno ambayo sisi wa mjini tunapenda kuambiana: kwamba mkulima ana bustani yake ya pembeni isiyopigwa, anayokula yeye na wanawe, na ile iliyopigwa anatuletea. Nilimvika Koko maneno hayo siku mbili. Hayakumkaa vizuri, lakini nilimvika.

Jumamosi ya pili nikauza. Jumamosi ya tatu nikauza.

## Loshoro

Jumapili iliyofuata nilipanda haisi mpaka Tengeru, nikanunua kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikapanda kilima kwa miguu. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba. Ilianza na "Koko, unajua mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi."

Alikuwa jikoni anakoroga loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando. Moshi ulinifanya nipige hodi huku nakohoa.

"Shikamoo Koko."

"Marahaba. Umekuja nacho?"

"Nini, Koko?"

"Kizibo changu."

Hotuba ikaishia hapo.

Alisogeza kigoda kwa mguu nikae. Alinimiminia loshoro kwenye kikombe cha bati, akanisubiri nimeze funda la kwanza ndipo aongee, adabu ya mtu aliyekuwa na muda mrefu wa kufikiri.

"Mimi nilikuwa juu pale kwenye migomba," akasema. "Nilikuona ulivyochuchumaa. Nikasema, huyu mtoto hana kamba za viatu, anafunga nini?"

Nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikaona yeye hacheki.

"Nikakaa nakusubiri. Nikasema, atakuja kesho. Hukuja. Jumamosi ukatuma kijana wa boda akachukua nyanya zangu. Nikasema, labda hajapata nafasi. Jumamosi nyingine ukatuma tena. Nikasema, basi kumbe kwake ni sawa." Akageuza mwiko. "Mimi nilipiga mara mbili. Wewe umeuza mara tatu."

Sina cha kuongeza kwenye hesabu hiyo. Mimi ni mhasibu na imekaa sawa.

Baadaye aliniambia mengine, bila mimi kuuliza, kwa utaratibu wa mtu anayepepeta mchele. Mjukuu mkubwa alichaguliwa bweni, kidato cha kwanza. Ada imefutwa, ndiyo, lakini godoro halijafutwa. Wala sanduku, shuka, ndoo, viatu, nauli. Orodha ya shule ilikuwa kurasa mbili. Nyanya zile ndizo zilikuwa orodha. "Nilikuwa naamka asubuhi naangalia majani yale yanavyotobolewa," akasema, "naona godoro linatobolewa."

Akanunua chupa ndogo. Maandishi yake, alisema, ni madogo kama mayai ya chawa. Muuzaji akamwambia asubiri siku saba kabla ya kuvuna. Akahesabu saba kwa punje za mahindi kwenye kikopo. Kama kweli zilikuwa saba au kumi na nne, hatutajua, chupa ilishatupwa chooni.

Nikamuuliza lile swali la bustani ya pembeni. Niliona aibu kuliuliza, lakini lilikuwa limenikaa kooni.

"Mimi nimezila," akasema. "Wajukuu wamezila. Unafikiri ningekuuzia nisichokula?"

Hilo halikunituliza hata kidogo. Lilikuwa baya zaidi kuliko jibu nililoogopa.

"Kwa nini hukusema kwenye kikundi, Koko? Tungechanga."

"Ningemwambia nani? Kila mtu nyanya zake zilikuwa zinaliwa." Kisha akaongeza, akitazama moto: "Na wewe kwenye simu ulikuwa unauliza kama za Jumamosi zitatosha."

## Chini ya mparachichi

Koko mwenyewe ndiye aliyeitisha kikao. Alisimama, akasema sentensi nne, akakaa. Nikatoa kizibo nikakiweka juu ya kigoda katikati. Kilionekana kidogo sana kwa kazi kilichokuwa kimefanya.

Nilidhani watamgeukia yeye. Katibu akanigeukia mimi.

"Dada, mimi niliandika *hakuna*. Kwa mkono wangu huu. Wewe ulikuwa na kizibo mkobani umesimama hapa." Akaonyesha mahali penyewe. "Koko alidanganya mdudu. Wewe umedanganya daftari."

Sikujibu. Kuna wakati kijana anakusema mbele ya watu, na kwa mila ungetakiwa mtu mzima mmoja amkemee. Hakuna aliyemkemea.

Mama Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Kimya. Kuku wakapita. Halafu mume wa mboji akakohoa akasema mwaka juzi alitia busta, mbolea ya dukani ya kunyunyizia, kwenye mchicha, mara moja, kidogo, "kama majaribio". Mke wake akamtazama kama vile amesikia ana nyumba nyingine Babati. Ikabidi kikao kisimame dakika kumi.

Walipotulia, wengine wakataka Koko atolewe, wakisema kikundi kikisamehe leo kesho kila mtu ana chupa. Wana hoja, na siwezi kuwabeza, maana ni watu waliong'oa nyanya zao kwa mikono Januari ile ile wakakubali hasara. Mama mmoja alisema hivi, na sauti ilimtetemeka: "Na mimi nina wa shule. Mimi sikununua chupa. Mimi nilinunua deni."

Ndipo Katibu akafungua daftari, akaanza kusoma hasara ya Januari. Koko, mashina 120, yaliyopona 50. Yule mama mwenye deni, mashina 90, yaliyopona 20. Akasoma wote, mmoja mmoja, taratibu. Hakukuwa na nia ya kunisema safari hii, alikuwa anasoma tu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na kumbukumbu yangu ya kapu la miaka minne, faili ninaloringia, lenye safu ya mapokezi, safu ya malipo, safu ya nauli, hata safu ya chenji zilizobaki kwa bajaji.

Halina safu ya hasara.

Kilichofika barazani nililipa. Ambacho hakikufika, kwangu hakikuwahi kuwepo. Mashina yale sabini ya Koko na yale sabini ya mwenzake hayakuwa na mahali pa kuandikwa katika mahesabu ya mtu yeyote anayekula kutoka kwenye shamba lile. Wateja ishirini na wawili walikuwa wananunua usafi, na gharama ya usafi ilikuwa imekaa yote juu ya watu kumi na mmoja, na mimi katikati nikichukua sifa.

Uamuzi ulichukua mpaka jua kuzama. Nyanya za tuta la nne zing'olewe zote. Matuta ya Koko yakae nje ya kapu misimu miwili, alime mnavu na loshuu, auze mwenyewe gulio la Tengeru Jumatano na Jumamosi kama watu wengine. Abaki mwanachama. Mume wa mboji vivyo hivyo kwa mchicha. Mimi nisitie sahihi ya ukaguzi kwa muda huo huo. Na niwaambie wateja, wote, kabla ya Jumamosi.

Kizibo Katibu alikitia kwenye bahasha, akaibana na karatasi yetu ya Januari. Mstari wa saba akaukata kwa kalamu nyekundu, akaandika upya.

## Njiro

Niliwatumia ujumbe wa sauti, dakika sita, nikiwa nimeurekodi mara nane. Nikaeleza kizibo, nikaeleza Jumamosi tatu. Nikaeleza pia pendekezo: anayetaka alipe kapu za msimu mzima mwanzoni, sehemu ya fedha iwekwe kwenye mfuko, na kantangaze akija tena mfuko ulipe mashina yaliyokufa, hasara isibaki juu ya wakulima peke yao. Mkikosa nyanya mtakosa nyanya, nikasema, na fedha hamtarudishiwa.

Sita waliondoka. Mmoja wao aliandika maneno ambayo sitayarudia hapa, na alikuwa na haki nayo. Tisa wamelipa. Saba wapo wapo, wanafikiria.

Sijui kama watu tisa wanatosha kununua godoro moja Septemba ikija na joto. Nimepiga hesabu mara kadhaa na kila mara jibu linategemea nondo. Katibu haniongeleshi sana, lakini safari hii amenitumia picha ya daftari bila mimi kuomba, na safu ya hasara ameipigia mstari kwa rula.

Yule mteja wa mtoto yumo kwenye wale saba. Jumamosi iliyopita alinisubiri getini kama zamani. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, ana meno mawili. Mama yake alifungua kapu, akashika nyanya moja, akaigeuza kutafuta kitundu.

"Hizi je?"

Nikaanza kumweleza: hizi ni za mama fulani, tuta la saba, zimepigwa mwarobaini mara tano, jirani wa juu alipiga Jumanne lakini upepo ulikuwa unakwenda upande wa pili, Mzee alikuwepo...

"Dada," akanikatisha, kwa upole, "nimeuliza ndiyo au hapana."

"Ninavyojua mimi, ndiyo."

Akanitazama. Akachukua mnavu, akachukua figiri na parachichi, nyanya akazirudisha kwenye kapu langu moja moja, bila kuzibamiza.

Wiki nzima nyumbani kwangu tumekula nyanya. Jana mwanangu aliuliza kama kuna sherehe.